Usiniambie Kijiji Kimetulia

Mwezi wa nne, mvua ikiwa imetufungia ndani hapa Nakuru, mtu alitupa video kwenye kundi letu la WhatsApp. Kijiji cha pwani, kisiwa cha Ugiriki. Nyumba nyeupe, milango ya buluu, paka amelala juu ya ukuta, na bahari imetulia kama maji kwenye karai. Hakuna mtu, hata mmoja. Mwenye video alikuwa ameandika kwamba huku ndiko roho huja kupona. Ndani ya dakika tano tulikuwa watu kumi na wawili tunapanga kupona roho. "Wasee, hii tunaenda lini?"

Hatukuenda, bila shaka. Ada ya viza ya Schengen peke yake ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Hapo bado hujaonyesha karatasi za benki, tiketi, na barua ya mwajiri, na nusu yetu mwajiri wetu ni simu. Kwa hivyo, kama kawaida, mmoja akaleta jibu la mfukoni: "Si twende tu Baringo? Kuna kisiwa, kuna kijiji, hakuna kelele. Ni hiyo hiyo, ni bahari tu haiko."

Tukaenda. Nimerudi na hasira ambayo sijui niiweke wapi, basi naiweka hapa.

Niseme mapema ninachogombana nacho, ndiyo usije ukanijibu kitu ambacho sikusema. Sigombani na kusafiri. Sigombani na mtu kuchoka. Mimi mwenyewe nimechoka, mwenye nyumba wangu anajua. Nagombana na neno moja: utulivu. Nagombana na vile sisi vijana wa mji, na zaidi sisi tunaojiita waandishi, tunavyolipachika kila mahali penye maji na watu wachache, kama kibandiko cha bei dukani.

Unazijua insha zenyewe. Mwandishi amechoka na mji. Anapanda matatu. Anafika mahali penye maji. Anakutana na mzee mwenye makunyanzi, na mzee anasema sentensi moja ya hekima. Jua linazama. Mwandishi anarudi mjini akiwa mtu mpya. Mzee anabaki pale pale, hana jina, hana deni, hana mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Nimeandika mbili za aina hiyo. Mojawapo ilisambazwa sana, na watu waliniambia imewaliza. Leo ningeweza kuifuta, ningeifuta.

Basi safari. Kutoka Nakuru hadi Kampi ya Samaki ni kilomita kama 120 hivi. Unapita Kabarak, unapita mashamba ya mkonge ya Mogotio, unapiga picha kwenye ishara ya ikweta kama kila mtu, halafu joto linaanza. Kando ya barabara kuna chupa za asali zimepangwa juu ya meza. Marigat unashuka, unanunua maji, unaanza kuelewa kwa nini watu wa huku huwa hawatembei saa nane mchana. Kisha Kampi ya Samaki, na hapo ziwa.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni barabara inayoingia majini. Si njia ya kushushia mashua. Ni barabara kabisa, ya magari, inateremka polepole na kuzama, kana kwamba upande wa pili kuna mtu wa kuifuata. Rafiki yangu alipiga magoti hapo kwenye ukingo akasema, "Hii picha ni kali." Ilikuwa kali kweli. Nami nilipiga.

Tulikodi mashua kwenda Ol Kokwe, kisiwa kikubwa katikati ya ziwa, wanakoishi Il Chamus, watu ambao vitabu vya zamani huwaita Wanjemps. Nahodha alikuwa mtu wa makamo, shati la timu ya mpira limepauka, mkono mmoja kwenye injini. Jina lake silitaji. Hakuniruhusu. Nilipomuuliza kama naweza kuliandika alisema, "Jina langu liko kwenye orodha nyingi tayari, dada. Hakuna hata moja imeniletea kitu." Kwa hivyo akikutokea humu bila jina, usidhani ni yule mzee wa zile insha. Ni mtu aliyechoka kuorodheshwa.

Alipunguza mwendo. Tulikuwa tunapita katikati ya miti mikavu iliyosimama majini, migunga mitupu isiyo na jani, na ndege weusi juu yake. Wenzangu walinyamaza. Mmoja akanong'ona, "Kumetulia, jameni." Nahodha akaonyesha kwa kidevu kitu kilichotokeza majini kama mgongo wa kiboko. Lilikuwa paa la mabati. Akasema, kwa sauti ile ile aliyotumia kutuambia tuvae makoti ya kuelea: "Hapa tulikuwa tunachezea mpira. Pale ni kwa mama yangu mdogo."

Hakuna aliyeongea. Halafu, na hii ndiyo inayonikera mpaka leo, yule aliyenong'ona akainua simu akapiga picha ya lile paa.

Ziwa Baringo lilianza kupanda miaka ya 2010 na 2011, pamoja na ndugu zake wa Bonde la Ufa: Bogoria, Nakuru, Naivasha. Mvua ziliongezeka, udongo ukateremka kutoka milimani ambako misitu ilikatwa, na wataalamu wengine wakaitaja pia miamba ya chini ya bonde. Kufikia 2020 maji yalikuwa yamemeza shule, zahanati, hoteli, malisho na makaburi. Salabani na Ng'ambo, upande wa kusini, watu walihama, wakarudi, wakahama tena. Ripoti ya serikali ya 2021 kuhusu maziwa haya yanayofurika ilihesabu kaya zaidi ya 75,000 zilizoathirika nchini. Viboko na mamba walifuata maji mpaka uani. Ikafika hatua watu wakahofia Bogoria yenye magadi itakutana na Baringo yenye maji baridi, na samaki wafe wote.

Huo ndio utulivu tuliokuwa tumeulipia shilingi elfu tatu na mia tano, mashua nzima, tukigawana.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu huniambia ninatia chumvi. Utulivu wa mahali si kama rangi ya udongo, kwamba ulikuwepo tangu zamani na utabaki. Una sababu zake. Ukikuta kijiji hakina kelele za watoto saa nne asubuhi siku ya shule, uliza shule iko wapi. Ukikuta ufuo mtupu, uliza waliokuwa hapo walikwenda wapi, na nani aliwapeleka. Upande wa mashariki wa ziwa hili kuna Mukutani, na Mukutani mwaka 2017 watu walikimbia risasi, si maji. Februari 2023 serikali ilituma jeshi katika kaunti hizi, Baringo ikiwemo, kwa sababu ya wezi wa mifugo wenye bunduki. Kijiji kilichokimbiwa kimetulia sana. Unaweza kusikia mpaka nzi.

Na usifikiri Il Chamus ni watu wa kimya kwa asili. Hilo ndilo kosa kubwa zaidi, nalo ni la kutosoma. Miaka ya 1880 misafara ya Waswahili kutoka pwani, ikienda kaskazini kutafuta pembe, ilisimama hapa kununua chakula, kwa sababu Wanjemps walikuwa wakulima wa kumwagilia maji na walikuwa na nafaka ya kuuza. Mskoti Joseph Thomson alipofika 1883 alikuta mahali pa kupumzikia penye watu, wapagazi, biashara na bei. Yaani lugha hii ninayokuandikia ilishapiga kelele za soko huku kabla reli haijafika Nakuru, kabla Nakuru yenyewe haijawa mji. Kama kuna mahali kijana mdogo wa miji hii alikuwa Nakuru na mkubwa alikuwa Njemps, ni hapo.

Na hawajanyamaza tangu hapo. Mwaka 2006 walipata hukumu Mahakama Kuu kwamba wao kama jamii ndogo wana haki ya kusikika katika uwakilishi wa bungeni. Mwaka huo huo walifungua kesi kuhusu mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa Baringo miaka ya 80 kwa mradi wa kuzuia jangwa, ukaenea ukala malisho, na maganda yake matamu yakang'oa meno ya mifugo. Walipeleka mbuzi mahakamani, mbuzi asiye na meno, awe ushahidi. Fikiria hilo. Watu wamembeba mbuzi mpaka kortini ndiyo wasikike. Na 2022, maji yakiwa yameshamaliza kazi yake, wakaishtaki serikali tena, safari hii Iten, wakisema ilijua ziwa linapanda na haikufanya ya kutosha. Jirani zao Waendorois, waliofukuzwa Bogoria 1973 ili iwe hifadhi ya wanyama, walipiga kelele mpaka Tume ya Afrika, na 2010 ikaamuliwa kwamba walidhulumiwa.

Mbuzi kortini. Kesi Nairobi, kesi Iten, kesi ya bara zima. Halafu wewe unashuka kwenye matatu na simu yako, unaandika: hapa ni kimya kitakatifu. Kijiji hakijanyamaza. Ni sisi tunaokuja tukiwa tumevaa vipokea sauti masikioni.

Najua utanitajia twiga. Kila nikisimulia hii kitu, kuna mtu lazima ataje twiga.

Haya, twiga. Kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021, twiga tisa waliokuwa wamekwama kwenye kisiwa cha Longicharo, kinachozidi kuwa kidogo kila mvua ikinyesha, walivushwa mmoja mmoja kwa chombo cha chuma kinachoelea juu ya mapipa matupu. Dunia nzima iliona. Sina ugomvi na twiga. Twiga wale ni wachache duniani, na hifadhi ya Ruko ilianzishwa na Il Chamus na Wapokot pamoja, watu ambao walikuwa wamezikana vya kutosha. Walioshughulika na kile chombo walikuwemo watu wa ziwa hilo hilo. Ni kazi njema.

Ninachouliza ni kwa nini kamera ilijua kufuata shingo ya twiga na haikujua kugeuka kidogo, digrii chache tu, kumtazama aliyeshika kamba. Mtu wa Nairobi, mtu wa London, mtu wa Nakuru kama mimi, anaweza kukutajia jina la yule twiga wa kwanza. Muulize jina la kijiji kimoja tu kilichozama. Kimoja. Nitakungoja.

Sasa niseme kwa nini linaniuma hivi, maana mimi si wa Baringo na sitaki kujifanya msemaji wa mtu.

Shangazi yangu alikuwa na kiwanja Mwariki. Kama unaijua Nakuru, unajua ni upande wa ziwa, karibu na ua la hifadhi. Alikinunua kwa pesa za chama na za kuuza nguo kuukuu sokoni, akajenga vyumba vitatu vya mawe, viwili vya kupangisha na kimoja chake. Mbele ya mlango alipanda mparachichi. Ziwa Nakuru lilipoanza kupanda, ua la hifadhi likaingia majini, na maji yakaja Mwariki na Barut kama mgeni asiyeaga. Maji ya Nakuru si ya kunywa wala ya kumwagilia, yana magadi. Yakifika kwenye mti, mti hauzami, unakauka umesimama. Leo shangazi anapanga chumba Rhonda. Bado ana hatimiliki, imetiwa kwenye karatasi ya nailoni, ndani ya sanduku. Ni hatimiliki ya maji.

Mwaka jana mtu aliweka picha mtandaoni. Sijui ni nani na sitamtafuta. Miti mikavu majini, mwari mmoja mweupe, machweo. Maneno yake yalisema Nakuru nayo ina sehemu tulivu za siri ambazo watu hawazijui. Nilimwonyesha shangazi bila kufikiri, nikidhani atafurahi kuona mtaa wake wa zamani. Alichukua simu, akaipanua picha kwa vidole viwili, akaisogeza kushoto, kulia, akasimama. "Huu ni mparachichi wangu," akasema. Kisha akauliza, kwa dhati kabisa, si kwa kejeli: "Kwani watu hawajui?"

Sikuwa na jibu. Hii insha yote ni jibu langu la kuchelewa, shangazi. Hapana, hawajui. Na wengine tunajua lakini mwanga ulikuwa mzuri.

Kwa hivyo nilipoona lile paa Baringo, na nikamwona mwenzangu anainua simu, nilijua nimesimama upande gani wa picha. Nilikuwa nimesimama upande wa yule mtu wa mwari. Si raha.

Wacha nijibu wanaonipinga, maana wako, na baadhi yao ni marafiki zangu wa ile mashua.

Wa kwanza anasema: utalii unaleta pesa, ukianza kutuhubiria tutakaa nyumbani, na huyo nahodha wako atalala njaa. Ni kweli nusu. Nahodha mwenyewe alituambia bila watu kama sisi petroli haingii kwenye injini. Lakini angalia pesa inavyotembea. Tulibishana naye bei kwa robo saa, akashuka kutoka elfu tano hadi elfu tatu na mia tano, tukashangilia kama tumeshinda. Jioni hiyo hiyo tukalipa zaidi ya hiyo kwa nyama na soda bila kuuliza. Hatukumpunguzia mwenye bucha, tulimpunguzia mtu ambaye uwanja wake wa mpira uko chini ya mashua yake. Usiniambie habari ya uchumi wa utalii kama unajua kupiga bei chini kwa mtu huyo peke yake.

Wa pili anasema: kila mtu ana haki ya kupumzika, si lazima kila safari iwe somo. Nakubali. Pumzika. Lala kwenye kivuli, kula samaki, ogelea kama nahodha amekuambia ni salama na si vinginevyo, mamba hawajui kwamba uko likizo. Lakini kupumzika ni kitu kimoja, na kutangaza kwamba mahali pa mtu ni dawa yako ni kingine. Ukija nyumbani kwangu ukalala kochini, karibu. Ukiandika kwamba sebule yangu ina utulivu wa ajabu, na wewe umeona kabisa samani zimechukuliwa na mwenye deni, hapo tutagombana.

Wa tatu ndiye mjanja zaidi. Anasema: wewe una wivu tu, ungependa ile ya Ugiriki. Ndiyo, ningependa. Lakini hata hiyo ya Ugiriki ni uongo ule ule. Santorini ina wakazi kama 15,000 na mwaka 2023 ilipokea wageni zaidi ya milioni 3. Julai 2024, siku ambayo meli za kitalii zilikuwa zikileta maelfu kwa mpigo, kiongozi mmoja wa huko aliandika mtandaoni akiwaomba wakazi wapunguze kutoka nje. Yaani mwenye kijiji akae ndani ili mgeni apate picha isiyo na mtu. Halafu Februari 2025 matetemeko yalipokuja mfululizo na zaidi ya watu 10,000 wakaondoka, hapo ndipo vichochoro vilitulia kweli kweli kama kwenye video yetu. Sisemi video ilipigwa siku hizo. Nasema kijiji kisicho na mtu, popote duniani, kina habari nyuma yake.

Na kwenye bahari hiyo hiyo kuna kisiwa kingine, Lampedusa. Oktoba 3, 2013, mashua ilizama karibu na ufuo wake na watu zaidi ya 360 wakafa, wengi wao Waeritrea, watu wa kona yetu hii ya Afrika. Nao walikuwa wakielekea kisiwa cha Mediterania. Hawakuwa na euro za viza. Maji yale yale tunayoyaita ya buluu, ya kuponya roho. Bahari haina kosa, lakini sisi wenye ndugu waliozama humo tungepaswa kuwa watu wa mwisho duniani kuamini kadi ya posta.

Basi nataka nini? Maana hasira bila ombi ni kelele tu, nami nimeshakuambia naheshimu kelele zenye kazi.

Nataka tuache kuita mahali "kumetulia" kabla hatujauliza swali moja: kumetulia tangu lini? Ni swali dogo. Linaulizwa kwa adabu, baada ya salamu, si kwa kamera usoni. Nahodha wetu alijibu kwa dakika arubaini, injini imezimwa, na hakuna aliyechoka kumsikiliza. Alituambia shule ilivyohamishwa na watoto wanavyovushwa. Alituambia kuhusu mzee aliyekataa kuhama mpaka kiboko akamzalia uani. Alituambia samaki waliongezeka mwanzoni maji yalipopanda, watu wakasema Mungu amelipa, halafu nyavu zikaanza kunasa kwenye miiba ya malisho yaliyozama. Kulikuwa na vichekesho, matusi kidogo, na siasa nyingi. Kijiji kilikuwa na kelele sana. Ilibidi tu injini izimwe ndiyo tuisikie.

Nataka tulipe bei tuliyotajiwa mara ya kwanza, tukiwa tunajua ni nani anayeitaja.

Na nawaomba wahariri, wakiwemo wa jarida hili unalosoma, wakiletewa insha ya mtu aliyeenda penye maji akapona, wairudishe na swali moja pembeni: yule mzee anadaiwa nini, na anamdai nani? Kama mwandishi hawezi kujibu, hajafika huko. Alipita tu.

Nilisema sitaki kumaliza na machweo, na sitamaliza nayo. Wiki mbili baada ya kurudi nilipata ujumbe kutoka Kampi ya Samaki. Nahodha alitaka picha. Nilidhani anataka zile za sisi tukicheka mashuani, nikamtumia tatu. Akajibu: "Hapana, dada. Zile za paa. Na ile ya barabara. Kuna kamati inakuja kuandika waliopoteza, wanataka ushahidi."

Nikaenda kwa mwenzangu aliyezipiga. Alikuwa nazo zote. Tatizo ni kwamba alikuwa ameshazirembesha kwa ile programu ya simu. Ziwa Baringo ni la kahawia, rangi ya chai iliyokolea maziwa, kwa sababu ya udongo wote ule unaoshuka milimani. Udongo wenyewe ni sehemu ya kesi. Kwenye picha zetu maji yalikuwa buluu. Buluu kabisa, kama Ugiriki. Zile za asili alikuwa amezifuta ili kupata nafasi kwenye simu.

Mimi nilikuwa na mbili. Zimetikisika, mwanga mbaya, kidole changu kimeingia pembeni. Paa linaonekana, na maji ni ya kahawia. Ndizo nilizomtumia.